Mnyororo wa Punda

Kwenye uwanja wa misheni ya Bagamoyo kuna mbuyu uliopandwa mwaka 1868, mwaka uleule mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao pale. Chini kwenye shina panachungulia kipande cha mnyororo. Kidogo sana, pete mbili tatu hivi. Zilizobaki zimemezwa na mti. Wageni wakifika hapo hushusha sauti. Wengine hupiga magoti na kuugusa. Halafu ndiyo unasikia habari yake kama inavyosimuliwa palepale misheni: kwamba mama mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, alimfungia punda wake kwenye mti ule, akaondoka, mnyororo ukasahaulika na mbuyu ukaendelea kunenepa.

Punda. Basi.

Nimewahi kuona watu wakiambiwa hivyo na sura zao zikabadilika, kama mtu aliyelia kwenye msiba halafu akagundua kaingia nyumba siyo. Kuna wanaocheka. Kuna wanaokasirika kabisa, eti kwa nini mnaharibu. Swali langu linaanzia kwenye hasira hiyo. Utumwa ulikuwepo, minyororo ya kweli ilikuwepo, watu wa kweli walifungwa. Sasa kuna ubaya gani mnyororo mmoja wa punda ukasimama badala ya ile iliyooza? Je, tunawadai wafu machozi tu, yoyote yale, au tunadaiwa nao kitu kigumu zaidi, yaani usahihi?

Lingebaki swali la kujadili na marafiki juu ya kahawa, kama tusingekwenda kule wikiendi moja na baba mkwe.

Baba mkwe ni Mnyamwezi wa Tabora. Alikuwa amekuja Dar es Salaam kliniki, wiki ya pili akachoka kuangalia kuta zetu. Mume wangu akasema tumpeleke Bagamoyo akaone bahari vizuri, siyo hii yetu ya kuonea dirishani kwenye daladala. Tukaenda sote: sisi wawili, binti yetu wa miaka kumi, mdogo wake wa miaka mitano, na mzee na bakora yake. Jumamosi tungekaa bandarini na mji mkongwe, Jumapili misheni na Kaole.

Ukitegemea kuona bandari yenye kina na makreni, Bagamoyo itakushangaza. Pwani yake ni bapa. Maji yakipwa, mashua na majahazi hulala ubavu mchangani kama ng'ombe waliocheua wakashiba, na watu hutembea hadi chomboni na mzigo kichwani, maji yakiwafika mapajani. Ubapa huo ndio ulioitajirisha Bagamoyo na ndio ulioipokonya. Chombo cha tanga hakina shida ya kukaa juu ya mchanga kusubiri maji yajae. Meli ya moshi haiwezi. Wajerumani walipotaka bandari ya meli kubwa walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na Bagamoyo ikabaki na wavuvi wake, na mafundi wake wa vyombo. Tulimkuta mmoja akikalafati mashua, anasokomeza pamba yenye mafuta katikati ya mbao kwa patasi na nyundo ya mti, tak, tak, tak, bila haraka. Mwanangu mdogo alipewa kitonge cha pamba na hakutaka tena kwenda kokote. Kwake urithi wa bahari ulikuwa ule, na sioni alipokosea.

Mwongozaji tulimpata njiani, kijana Mzaramo mchangamfu. Alipojua mzee anatoka Tabora alipiga makofi. "Ahaa! Mtani wangu! Nyie ndio mlioletwa hapa na minyororo, sisi tukawapokea."

Mzee akasimama, akaegemea bakora. "Mlitupokea na madeni," akajibu.

Tukacheka sote. Lakini kijana aliporudi kwenye maelezo yake ya kazi, utani uliisha na minyororo ikabaki. Kwa maelezo yake, kila aliyeshuka kutoka bara kwa njia ile alishuka amefungwa shingo. Jina lenyewe, Bagamoyo, ni bwaga moyo: mtumwa anauacha moyo wake hapa kwa kuwa harudi tena. Binti yangu alikuwa anasikiliza kwa makini kuliko sote. Akamgeukia babu yake: "Babu, kwa hiyo na sisi tulikuwa watumwa?"

Mzee hakumjibu yeye, alinijibu mimi. "Babu yangu alifika hapa mara mbili kwa miguu. Alirudi na jora la merikani na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka anakufa. Alilipwa, mama. Mwandike hivyo huko kwenye magazeti yenu. Alilipwa."

Mimi ni mwandishi wa habari, na simulizi ya ukoo siichapishi kama ushahidi. Ila alichosema mzee hakipingani na tunachokijua, kinaafikiana nacho sana. Sehemu kubwa ya pembe za ndovu zilizofika Bagamoyo katika karne ya 19 zilibebwa na wapagazi wa kulipwa, na Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Kutoka Tabora hadi pwani ni kilomita zipatazo 800, mwendo wa miezi miwili au mitatu, na mtu alibeba takriban frasila mbili, kilo 30 na ushee, mbali na mkeka wake na chungu chake. Walikuwa na kirangozi wao wa mbele. Walidai posho. Wasipopewa, waliweka mizigo chini, au waliamka usiku na kutoweka. Wasafiri wa Kizungu wamejaza kurasa wakilalamika juu ya wapagazi wagomvi, na kila nikisoma malalamiko hayo nafurahi kidogo, kwa sababu anayegoma ni mtu anayejua kazi yake ina bei. Wengi walipanga safari zao kwa majira, waende kiangazi na warudi kuwahi kulima.

Hata jina la mji, ukilisikiliza kwa sikio la Kiswahili, linaegemea upande wao. Kubwaga ni kitenzi cha mtu mwenye mzigo. Unabwaga zigo, unabwaga gunia. Bwaga moyo ni pumua, umefika. Tafsiri ya pili, ya moyo ulioachwa kwa huzuni, siwezi kuifuta, na kuna waliolitamka jina hilo kwa uchungu huo. Ila ajabu ni kwamba tafsiri ya kwanza haisikiki siku hizi isipokuwa kama nyongeza, wakati pwani nzima inajua maana ya kubwaga.

Na utani wenyewe je? Watani huzikana. Mtani wako akifiwa unakwenda, unatukana, unafanya kazi za msiba ambazo ndugu hawawezi kuzifanya kwa machozi. Utani kati ya Wanyamwezi na watu wa pwani hii ulikua katika njia za misafara, kwa watu waliohitajiana: huyu ana njaa na maiti ya mwenzake, yule ana chakula na jembe. Kijana yule alimwita mzee mtani kwa dakika moja, halafu kwa saa nzima akamsimulia historia inayofanya neno hilo lisieleweke.

Jioni, watoto wakiwa wamelala, mume wangu alinipinga. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na hoja yake siyo ya kupuuzwa. Watoto, alisema, hawakumbuki frasila. Wanakumbuka mnyororo. Ukitaka mtoto wa darasa la nne aelewe kwamba binadamu aliwahi kuuzwa, unahitaji kitu cha kumwonyesha, na wale waliouzwa hawakuacha kitu. Hawakuandika, hawakujenga. Kama mnyororo wa punda utafanya kazi hiyo, wacha uifanye. Sanamu za mashujaa nazo si mashujaa wenyewe.

Nilikaa na hoja hiyo muda mrefu. Jibu langu la kwanza ni la kazini. Sanamu haisemi mimi ndiye shujaa. Kila mtu anaona ni saruji. Mnyororo unaosemwa kuwa wa mtumwa huku ni wa punda unakula imani ya minyororo mingine yote. Katika chumba cha habari picha moja ya uongo inatosha kumpa asiyetaka kuamini kisingizio cha kukataa tisini na tisa za kweli, na wapo, hata mtandaoni kwetu huku, wanaopenda kusema utumwa wa pwani ulitiwa chumvi na wamisionari. Usiwape punda.

Lakini jibu hilo ni la woga wa kushikwa. Kama hakuna ambaye angetushika, je, ingekuwa sawa? Naona bado isingekuwa sawa, na sababu niliikuta Jumapili, kwenye mnara wa kanisa la zamani la misheni, mahali ambapo mwili wa David Livingstone ulilazwa mwezi Februari 1874.

Livingstone alifia kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Watu wake waliukausha mwili na kuubeba zaidi ya kilomita 1,500 kwa miezi tisa. Ukiuliza majina ya wapagazi hapa Bagamoyo, utatajiwa ya watu hao, Chuma na Susi, kwa sababu walimbeba Mzungu. (Hilo peke yake lingetosha makala.) Tazama walikuwa nani. Chuma alikuwa Myao, aliyefunguliwa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa kijana mdogo. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kwenye mto Zambezi, aliyeajiriwa kazi za chombo. Pamoja nao alikuwa Jacob Wainwright, Myao mwingine aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa Nasik kule India. Ndiye aliyejua kuandika, akaweka shajara ya safari, na ndiye aliyesindikiza jeneza hadi Uingereza. Mzigo mmoja, njia moja, na kila mmoja kauingia kwa mlango wake. Ukisema wote walikuwa watumwa, umemsahau Susi. Ukisema wote walikuwa waajiriwa, umeifuta ile siku Chuma alipokuwa amefungwa.

Mambo ya pwani hii ndivyo yalivyokuwa, na ndiyo maana mstari mnyoofu wa minyororo haukai. Kulikuwa na watumwa waliotumwa na mabwana zao kubeba mizigo kwa ujira, halafu bwana akachukua sehemu yake; huyo muite mtumwa au mpagazi? Kulikuwa na wapagazi huru waliotembea msafara mmoja na mateka, na walioweza kununua mateka kwa ujira wao. Unyamwezi nako kulikuwa na watumwa, na hapo fahari ya baba mkwe haina budi kupunguza sauti kidogo. Kulikuwa na watoto waliowekwa rehani. Waliosoma *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ambayo Ida Hadjivayanis ametuletea kwa Kiswahili, wanamkumbuka Yusuf: mtoto wa miaka kumi na miwili anatolewa kufidia deni la baba yake, na mfanyabiashara anayemchukua amezoeleka kwake kama mjomba. Hana mnyororo. Nguvu ya kitabu kile, kwangu mimi, ni kwamba ukimaliza hujui umwite nani, na kutojua huko ndiko kunakouma.

Na kabla ya Gurnah, mtu wa hapahapa alijua tofauti hizi na kuzipanga kwa wino. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa upande huu wa Bagamoyo, akaenda Berlin kufundisha Kiswahili, akafia huko mwaka 1927. *Desturi za Wasuaheli*, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903, kimebeba kwa wingi kazi ya mkono wake. Mambo ya safari za bara na mambo ya watumwa hayakuchanganywa humo kwenye kapu moja. Kila jambo lina sura yake, na ndani ya utumwa wenyewe mzalia si mateka wa jana. Simsifii kwa ukarimu. Anaandika utumwa kwa utulivu unaonikwaza. Ila yule aliyeishi nao hakuona haja ya kuufanya wa kila mtu.

Kuufanya wa kila mtu ndiko kunakonisumbua kuliko punda. Tukisema wote walioshuka hapa walifungwa, tunadhani tumewaheshimu waliofungwa. Tumewapoteza katikati ya umati. Na tumewaficha wengine pia: mwenye shamba la minazi lililopaliliwa na watumwa, mwenye jahazi, mwenye duka, na wajukuu zao ambao ni majirani zetu, na ambao ni sisi. Katika hadithi ya minyororo kwa wote, aliyefunga ni mgeni siku zote na aliyefungwa ni Mwafrika kwa jumla, na hakuna familia yoyote inayohitaji kuulizwa kitu mezani. Hata tajiri wa misafara anakuwa hana sura. Nani anamkumbuka Sewa Haji, aliyekusanya wapagazi na kuwauzia wasafiri bidhaa hapa Bagamoyo, halafu akatoa mali kwa ajili ya shule na hospitali? Jina lake liko Muhimbili, kwenye jengo la Sewahaji. Watu wanaingia pale kila siku na shuka chini ya kwapa, hawaulizi fedha ile ilitoka migongoni mwa nani.

Misheni nayo ni hivyohivyo. Mapadre walinunua watoto watumwa na kuwaweka kwenye kijiji walichokiita cha Uhuru, wakawasomesha, wakawalimisha. Kwenye picha za zamani wanasimama mstari mmoja, shati jeupe, macho kwa mpiga picha. Binti yangu aliwahesabu. Mimi nilitafuta majina.

Kaole tulikwenda kwa haraka, watoto walikuwa na njaa. Msikiti wa karne ya 13, makaburi ya mawe ya matumbawe, na mahali palipokuwa bandari sasa ni mikoko mitupu. Burton na Speke walianzia hapo safari yao ya bara mwaka 1857. Mzee alikaa kwenye kivuli akauliza kama babu yake angepita Kaole au angeshukia mjini. Tukamwambia mjini, kwa miaka ile. Akaridhika.

Sasa niseme upande wangu, maana huu wa mume wangu una mtu wa kujivunia. Bibi mzaa mama alikuwa wa Kilwa Kivinje, na Kivinje ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya watumwa ya mwambao huu katika karne ya 19. Kutoka Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao, njia ziliishia pale. Ukimuuliza bibi kabila alikuwa anasema, "Sisi wa hapahapa." Ukimuuliza wa hapahapa tangu lini, anakutuma dukani. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922. Siyo zamani za kale: wazazi wa bibi walikuwa hai. Na neno mzalia nimelisikia utotoni likisemwa na mtu mzima kwa mtu mzima kwenye ugomvi wa kiwanja, na baada ya hapo hakuna aliyeongea uani kwa siku nzima.

Kwa familia kama hiyo mnyororo wa wote ni blanketi zuri. Unasikitika pamoja na taifa, unarudi nyumbani, na hakuna anayekuuliza ulikuwa upande gani wa kamba. Baba mkwe, kwa neno lake moja, alilivuta blanketi hilo. Kama babu yake alilipwa, basi kuna ambaye hakulipwa, na huyo naye alikuwa babu wa mtu.

Tulipokuwa tunarudi, foleni imeshikana Bunju, mdogo kalala na pamba yake mkononi, binti akauliza kutoka kiti cha nyuma: "Na bibi wa Kilwa, wa kwao walilipwa?"

Mume wangu akaniangalia. Nikamwambia binti kwamba bibi hakuwahi kusema, na kwamba kwenye ukoo wetu wapo wanaoweza kujua zaidi yangu.

Jumatatu nikampigia mama mdogo, Kivinje. Nikaanza na salamu ndefu, habari za watoto, habari za mvua, halafu nikauliza. Akanyamaza. Nilisikia redio nyuma yake, na mtu akisaga kitu.

"Nani kakutuma?" akasema.

Nikamwambia mtoto.

Akakaa kimya tena, halafu akasema niende mwenyewe, na yule mtoto nimlete. Mambo hayo hayasemwi kwenye simu.